Casa dei Bambini ya San Lorenzo: Shule Iliyozaliwa Katika Jengo la Wapangaji

Shule ya kwanza ya Montessori duniani ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 katika jengo la wapangaji lililoko Via dei Marsi nambari 58, mtaa wa San Lorenzo, mjini Rome. Haikuanzishwa na wizara ya elimu, parokia wala wafadhili kutoka mbali. Aliyeianzisha ni mwenye nyumba, tena kwa sababu za mwenye nyumba. Wazazi walipokwenda kazini, watoto wao walibaki peke yao mchana kutwa, wakichafua kuta zilizopakwa rangi juzi na kuharibu ngazi zilizokarabatiwa jana. Wakatengewa chumba kimoja na mtu wa kukaa nao. Chumba hicho kiliitwa Casa dei Bambini, Nyumba ya Watoto.

Siku hizi, katika miji mingi ya Afrika, jina la Montessori likiandikwa kwenye kibao cha shule, mzazi hufikiria kwanza bei. Linahusishwa na mitaa ya matajiri, vifaa vilivyoagizwa ng'ambo na karo isiyoshikika. Historia ya jengo la San Lorenzo inasema mengine. Njia hii ya kufundisha ilizaliwa miongoni mwa watoto wa vibarua, katika chumba ambacho gharama zake ziliandikwa kwenye daftari la matengenezo ya nyumba.

Mtaa wa kando ya reli

San Lorenzo uko mashariki mwa Rome, nje ya ukuta wa kale wa mji, ukibanwa upande mmoja na njia za reli zinazoelekea stesheni ya Termini na upande mwingine na makaburi makubwa ya Verano. Msomaji wa Kindu, mji wa mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliokua pamoja na stesheni na bandari ya mto Lualaba, atautambua upesi mtaa wa namna hii: wakazi wake wengi walikuwa wafanyakazi wa reli, waashi, wachukuzi na vibarua waliohama vijijini kutafuta riziki. Miaka hiyohiyo shule ilipokuwa inaanza San Lorenzo, reli ya Kindu hadi Kongolo ilikuwa ikijengwa.

Majengo ya mtaa ule yalitokana na tamaa ya faida ya haraka. Rome ilipofanywa makao makuu ya Italia iliyoungana, mnamo 1871, watu walimiminika mjini na wajenzi wakakopa benki ili wainue nyumba za kupangisha. Mwishoni mwa miaka ya 1880 biashara hiyo iliporomoka. Kampuni zilifilisika, na majengo yakaachwa nusunusu, mengine hayana milango, mengine hayana maji. Wasio na pa kwenda wakaingia humo hivyohivyo.

Upangaji wenyewe ulikuwa na mtindo wake. Familia moja ilichukua nyumba ya vyumba sita au saba kwa kodi isiyoimudu, kisha ikawapangisha wengine chumba kimojakimoja. Mpangaji wa chumba naye alimkodisha mwingine pembe ya kulala. Hivyo watu wa familia mbalimbali walilala pamoja bila pazia, bila hewa na bila maji ya kutosha.

Hesabu ya mwenye nyumba

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya majengo iliyoitwa Istituto Romano dei Beni Stabili ilinunua sehemu kubwa ya mtaa huo. Mkuu wake alikuwa mhandisi Edoardo Talamo. Kwa mujibu wa Maria Montessori mwenyewe, kampuni ilimiliki San Lorenzo nyumba 58 zilizokalia takriban meta za mraba 30,000, zenye makazi madogo 1,600 bila kuhesabu ghorofa za chini.

Talamo alianza kwa kubomoa. Vijengo vilivyosongamana ndani ya ua viliondolewa ili mwanga na hewa vifike madirishani. Zile nyumba za vyumba vingi ziligawanywa kuwa makazi madogo, kila familia ipate mlango wake na upangishaji wa pembe ukome. Wapangaji ndio waliotunza makazi yao, na waliotia fora katika usafi walipewa zawadi kila mwaka.

Mpango huo ulikuwa na pengo moja. Wakubwa waliweza kufungwa na mkataba wa kodi, lakini mtoto wa miaka minne hafungwi na mkataba. Baba alikuwa kibaruani, mama alikwenda kufua au kufanya kazi za nyumba za watu, na ndugu wakubwa walikuwa shuleni. Wadogo walibaki wakirandaranda kwenye ngazi na varanda. Talamo alikadiria kuwa fedha za kupaka upya kuta na kurekebisha uharibifu wao zingetosha kulipia chumba na mtu wa kuwaangalia. Kwa hiyo shule iliingizwa vitabuni kama gharama isiyo ya moja kwa moja ya utunzaji wa jengo.

Uamuzi huo wa kihasibu ndio ulioipa shule sura yake. Kampuni iliruhusiwa kutumia pale kile tu ambacho ingekitumia kwa ofisi yake yoyote: meza, viti na kabati. Hapakuwa na fungu la chakula wala la madawati ya shule. Kwa kuwa haikuhesabiwa kama shule, haikulazimika pia kuajiri mwalimu mwenye cheti wala kufuata muhtasari wa serikali.

Daktari anayekuja kutazama

Mwaka 1906 Talamo alimwomba Dk. Maria Montessori asimamie kazi hiyo. Montessori alizaliwa Chiaravalle, jimbo la Ancona, tarehe 31 Agosti 1870, na mwaka 1896 akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini Italia kuhitimu udaktari. Baada ya hapo alifanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wakati huo waliwekwa pamoja na wagonjwa wa akili. Alisoma maandishi ya madaktari wawili wa Ufaransa, Jean Itard na Édouard Séguin, akatengeneza vifaa vya kumfundisha mtoto kupitia mikono na macho. Baadhi ya watoto wake walifaulu mitihani ya kusoma na kuandika sawa na wanafunzi wa shule za kawaida. Watu walishangilia, lakini yeye alijiuliza swali jingine: ikiwa hawa wamefika hapa, shule za kawaida zinawafanyia nini watoto wasio na ulemavu hata wabaki palepale?

San Lorenzo ilimpa nafasi ya kutafuta jibu. Siku ya ufunguzi waliletwa watoto wapatao 50, wadogo wasiofikia umri wa kuanza shule. Walivalishwa nguo za aina moja za kitambaa kizito cha buluu, wakatembezwa wakiwa wameshikana mikono, na wengi walikuwa wakilia. Aliyekabidhiwa chumba alikuwa binti wa bawabu wa jengo. Montessori alikuwa na kazi zake nyingine mjini, akawa anakuja mara kwa mara kutazama na kumwelekeza.

Wazazi hawakulipa karo, lakini kanuni zilizobandikwa jengoni ziliwabana. Mtoto aletwe akiwa ameoga, nguo zake safi, na aproni juu yake. Mama afike angalau mara moja kwa juma kuzungumza na mwalimu kuhusu mwenendo wa mtoto nyumbani. Mtoto aliyeletwa mchafu, aliyeshindikana kabisa, au ambaye wazazi wake walimvunjia heshima mwalimu, aliweza kuondolewa. Mwalimu naye alipaswa kuishi katika jengo lilelile, awe jirani wa wazazi, akutane nao ngazini jioni na uani asubuhi.

Yaliyotokea ndani ya chumba

Mwanzoni vifaa vilifungiwa kabatini. Mwalimu alivitoa, akavigawa, na mwisho wa kazi akavirudisha. Siku moja alisahau kufunga, akachelewa kufika. Alipoingia alikuta watoto wamefungua kabati wenyewe, kila mmoja amechukua alichokitaka na anaendelea na kazi. Yeye aliona wizi. Montessori aliona kwamba watoto wameshavijua vifaa kiasi cha kujichagulia. Lile kabati refu likabadilishwa na makabati mafupi yanayofikiwa na mkono wa mtoto, na tangu hapo rafu fupi zilizo wazi ni alama ya darasa la Montessori popote lilipo.

Fanicha nayo ilibadilika. Vilitengenezwa meza na viti vidogo, vyepesi kiasi kwamba watoto wenyewe waliweza kuvibeba na kuvihamisha. Beseni la kunawia likawekwa chini. Kiti kikiangushwa kilipiga kelele, na kelele hiyo ilimfundisha mtoto kutembea kwa uangalifu bila mtu kumkaripia.

Vifaa vyenyewe ni kazi ya useremala. Kuna vipande vya mbao vyenye matundu 10 na silinda 10 za kutumbukizwa humo. Silinda ikiwekwa pasipo pake, ya mwisho hukosa tundu linaloifaa, na mtoto huliona kosa lake kabla hajaambiwa. Kuna mchemraba mmoja wa sentimeta 1 kila upande, mwingine wa 2, hadi wa 10, ya kupangwa kuwa mnara. Kuna fito 10, fupi kabisa ikiwa ya sentimeta 10 na ndefu ya meta 1. Montessori alisimulia habari ya msichana wa miaka mitatu hivi aliyezishughulikia silinda akizitoa na kuzirudisha zaidi ya mara 40 mfululizo. Wenzake waliimba kumzunguka, kiti alichokalia kikainuliwa na kuwekwa juu ya meza naye akiwa juu yake, asiache. Alipomaliza alitazama huku na huku kama mtu aliyeamka usingizi mzuri. Kutokana na visa kama hivyo Montessori aliondoa zawadi na adhabu darasani, na mwalimu akapewa kazi ya kuonyesha mara moja, kisha kukaa kando na kutazama.

Kazi za nyumbani zilikuwa masomo pia: kufunga vifungo, kumimina maji bila kumwaga, kufagia, kuandaa meza, kupangusa pua. Kwa watoto waliokuwa wakikaripiwa kila siku kwa uchafu bila kuonyeshwa namna ya kujisafisha, somo la kupangusa pua kwa leso lilipokewa kwa makofi.

Herufi za msasa

Montessori hakukusudia kuwafundisha kuandika watoto wa umri huo. Wazazi ndio waliomsihi, akina mama wasiojua kusoma wakiwa mstari wa mbele. Alipofanya kazi na watoto wenye ulemavu alikuwa na herufi nzuri za mbao zilizopakwa rangi. Alitaka seti nyingine kama hiyo, ikashindikana kutengenezwa kwa bei ya kumudu. Basi yeye na mwalimu wake wakakata herufi kwenye karatasi ya msasa na kuzigandisha kwenye kadi. Mtoto alipitisha vidole juu ya herufi kwa kufuata mwendo wa kuandika, huku akitamka sauti yake. Kifaa cha bei rahisi kikawa bora kuliko kile cha mbao, kwa maana mkwaruzo wa msasa ulimjulisha mtoto kidole kinapotoka njiani.

Kwa masimulizi yake, siku moja ya Desemba yenye jua, walikuwa juu ya paa pamoja na watoto. Alimpa chaki mvulana wa miaka mitano, akamwambia amchoree bomba la moshi lililokuwa pale. Mtoto alichora, akatulia kidogo, kisha akapaza sauti kwamba anajua kuandika. Akapiga magoti akaandika sakafuni neno la mkono, kisha bomba la moshi, kisha paa. Wenzake wakaomba chaki, na siku chache zilizofuata walijaza maandishi sakafuni, milangoni na kutani. Jengo lililoanzisha shule ili kuta zisichorwe sasa lilikuwa linaandikwa kila mahali.

Kutoka San Lorenzo hadi duniani

Casa dei Bambini ya pili ilifunguliwa San Lorenzo tarehe 7 Aprili 1907. Mwaka uliofuata ilifunguliwa nyingine Milan, katika makazi ya wafanyakazi ya shirika la Società Umanitaria, chini ya Anna Maria Maccheroni. Baada ya tetemeko la ardhi la Messina la tarehe 28 Desemba 1908, watawa Wamisionari Wafransisko wa Maria walifungua nyumba ya namna hiyo katika konventi yao ya Via Giusti, Rome, kwa ajili ya mayatima waliookolewa. Mwaka 1909 Montessori alitoa kozi yake ya kwanza kwa walimu mjini Città di Castello na kuchapisha kitabu chake kikuu kuhusu njia hiyo. Tafsiri ya Kiingereza ilipotoka mwaka 1912, wageni walianza kumiminika Rome.

Umaarufu huo uliwatenganisha walioanza pamoja. Ndani ya miaka michache Montessori na Talamo walikosana, na Montessori akaacha kusimamia shule za San Lorenzo. Mwaka 1924 serikali ya Mussolini iliikumbatia njia yake, lakini ulipofika mwaka 1934 uhusiano ulikuwa umevunjika. Shule zilifungwa naye akaihama Italia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliishi India, ambako yeye na mwanawe Mario walifunza walimu zaidi ya elfu moja wa dini mbalimbali. Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952.

Jengo nalo lilipitia vita. Tarehe 19 Julai 1943 mamia ya ndege za Marekani yaliishambulia Rome, na shabaha kubwa ilikuwa yadi ya reli ya San Lorenzo. Nyumba nyingi ziliporomoka na watu wengi wakafa. Hata basilika ya Mtakatifu Laurenti ilibomolewa sehemu. Nambari 58 ya Via dei Marsi bado ipo, na Casa dei Bambini imo humo hadi leo. Mwaka 1990 Italia iliweka sura ya Montessori kwenye noti ya lira 1,000, noti ndogo iliyopita mikononi mwa kila mtu.

Afrika Mashariki na Kindu

Upande wa Tanzania njia hii imeenezwa zaidi na watawa wa Kikatoliki, na vyuo vya walimu wa Montessori viko Dar es Salaam, Lushoto na Mtwara. Nchini Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, madarasa ya Montessori yalianzishwa karibu na Nakuru kwa ajili ya watoto wa familia zilizofukuzwa makwao. Mifano hiyo iko karibu na San Lorenzo kuliko shule za mitaa ya kifahari.

Nchini Kongo, sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaitambua shule ya maternele kuwa ngazi ya kwanza, yenye miaka mitatu kabla ya msingi. Masomo ya bure yaliyotajwa na Katiba katika kifungu cha 43, na yaliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, ni ya shule ya msingi ya serikali. Maternele imebaki nje, na mzazi ndiye anayelipa. Kwa hiyo mtoto wa Kasuku, Mikelenge au Alunguli, komuni za Kindu, ambaye mama yake huamkia shambani au sokoni yuko karibu na hali ya mtoto wa San Lorenzo mwaka 1906: wakubwa wako shuleni, yeye yuko kwenye parseli.

Vinavyohitajika kwa chumba cha namna ile si vigeni kwa Maniema. Mbao zipo na maseremala wapo. Mchemraba wa sentimeta 10 na ufito wa meta 1 vinahitaji kipimo sahihi na msasa tu. Mchele, unaolimwa sana mkoani, unafaa kwa zoezi la kumimina na kuchambua. Kiswahili, kimojawapo cha lugha nne za taifa, kinafaa herufi za msasa kama Kiitaliano, kwa kuwa karibu kila herufi ina sauti moja isiyobadilika. Ni michanganyiko michache kama ch, sh na ng' inayodai kadi yake. Usimamizi pia una mahali pa kushika, maana tangu makubaliano ya 1977 kati ya serikali na makanisa, jumuiya za dini, ikiwemo ya Waislamu, huendesha sehemu kubwa ya shule za umma.

Kigumu ni mwalimu. Binti wa bawabu alifaulu kwa sababu alikuwa na mtaalamu nyuma yake aliyekuja, akatazama na kusahihisha. Mafunzo kamili yanayotambuliwa na Shirika la Kimataifa la Montessori, lililoanzishwa mwaka 1929, kwa kawaida huchukua karibu mwaka mzima, na vyuo vyake viko mbali. Zaidi ya hayo, jina la Montessori halina mwenye haki pekee juu yake; katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kulipaka kwenye kibao.

Mzazi anayetaka kujua kilicho nyuma ya kibao aombe kuingia darasani asubuhi moja. Atazame kama rafu ziko kwenye kimo cha mtoto na ziko wazi, kama wa miaka mitatu wamechanganyika na wa miaka mitano, kama kila mtoto anachagua kazi yake na kuirudisha mahali pake, na kama mwalimu husema machache na kutazama sana. Vikikosekana hivyo, karo kubwa na vifaa vya ng'ambo havileti Montessori. Vikiwepo, chumba kimoja cha ghorofa ya chini kinatosha.